Geuza Kwanza: Miaka Arobaini na Tisa ya Enid Tranter Mbele ya Tanuri

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa kumi jioni, Bi. Enid Tranter atazima tanuri namba mbili kwa mara ya mwisho na kuhitimisha utumishi wa miaka arobaini na tisa, miezi tisa na siku ishirini na sita katika karakana ya beji na nembo ya Pugh na Dalloway hapa Hockley. Uongozi ulimwomba abaki hadi Septemba ili itimie hamsini kamili. Alijibu kwa barua ya mstari mmoja: "Hamsini ni ya majengo."

Aliingia kazini Jumatatu tarehe 2 Septemba 1974 akiwa na umri wa miaka kumi na sita, amevaa viatu vya dada yake, na kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi alichelewa dakika nne. Hakuchelewa tena. Wakati huo watiaji enameli, yaani wajazaji wa rangi ya kioo, walikuwa thelathini na wanne, wakijaza ghorofa mbili, wote wanawake isipokuwa msimamizi wao, marehemu Bw. Lench. Leo wamebaki watatu. Kuanzia Jumatatu ijayo watakuwa wawili.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Kipande cha shaba hugongwa kwa kalibu ya chuma mpaka picha ijitokeze na kuacha vishimo. Kioo cha rangi kilichosagwa na kuoshwa hujazwa ndani ya vishimo hivyo kwa ncha ya unyoya wa bata bukini. Kisha kipande huingia tanurini kwa muda unaohesabika kwa sekunde. Kikitoka mapema, rangi ina chengachenga kama sukari. Kikichelewa, rangi imeungua. Kati ya mapema na kuchelewa ndipo Bi. Tranter alipofanyia kazi maisha yake yote.

Ustadi wake umeacha ushahidi wa aina mbalimbali. Mwaka 1987 kipima joto cha tanuri namba mbili kiliharibika, na ofisi haikuarifiwa kwa wiki sita kwa kuwa aliyelitumia hakuwa na habari kwamba kimeharibika. Alikuwa akisoma joto kwa rangi ya mlango. Beji za wauguzi, za viranja wa shule, za vilabu vya mchezo wa kuviringisha tufe kwenye nyasi, na zaidi ya yote nembo za magari ya zamani, zimepita mikononi mwake kwa idadi ambayo hakuna aliyejaribu kuihesabu. Magari mia kadhaa barabarani yamebeba kazi yake kifuani. Yeye mwenyewe hajawahi kuwa na gari wala leseni, na huja kazini kwa basi.

Aliwaita watu wote "bab", yaani mpenzi, kuanzia mkurugenzi hadi mleta barua, kama ilivyo desturi ya watu wa mji huu, lakini upole huo usimpotoshe msomaji. Mwaka 1996 Bw. Kelvin Bayliss, fundi wetu wa mashine ya kugonga, alipasha soseji juu ya mdomo wa tanuri. Mvuke wa mafuta ukaingia ndani, na beji arobaini na nane za klabu ya tufe zikatoka na vipele kama uso wa mgonjwa wa tetekuwanga. Bi. Tranter hakupaza sauti. Alichagua beji mbaya kuliko zote akambandika Bw. Bayliss kifuani, akamwambia, "Hii utaivaa mpaka ipone." Aliivaa mwaka mzima. Anayo hadi leo, na huionyesha kwa fahari isiyoelezeka.

Katika miaka hiyo alifundisha watiaji enameli kumi na mmoja. Wote wanasimulia kwamba somo la kwanza halikuhusu rangi wala moto. Mteja anapoleta nembo ya zamani ili inakiliwe, mwanafunzi haruhusiwi kuitazama usoni kabla ya kuigeuza na kuchunguza mgongo wake. "Geuza kwanza," alisema, na aliyesahau alichapwa kidogo mkononi kwa unyoya ule ule wa bata bukini. Kanuni hiyo ilionekana kuwa moja ya tabia za wazee wa karakana, kama ile ya kutogusa kikombe cha mwenzako. Sababu yake haikujulikana hadi Machi mwaka huu, na kwa kuwa mhusika mwenyewe ametutaka tusiifiche, inaelezwa hapa kwa ukamilifu.

Wasomaji wanaopita ukumbini kuelekea chumba cha chai wanaifahamu barua iliyotundikwa kwenye fremu, ya mwaka 1979, kutoka Chama cha Wenye Magari ya Kinver. Kinver yalitengenezwa Smethwick kati ya mwaka 1931 na 1938, magari mia mbili na kumi na mawili tu. Nembo yake, inayokaa juu ya rejeta, ni ngao ndogo yenye korongo mweupe wa fedha mbele ya anga jekundu. Kufikia 1979 mawe ya barabarani yalikuwa yamezipukutisha takribani zote zikabaki shaba tupu. Katibu wa chama, Bw. Gerald Hingley, wakati huo kijana wa miaka ishirini na sita, aliwahi kupata moja tu iliyobaki na rangi, kwa muuza vyuma chakavu wa Oldbury. Aliileta hapa ili zitengenezwe sitini kwa mfano wake.

Bw. Lench alimpa kazi hiyo Enid Tranter, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukabidhiwa oda peke yake, na wanawake thelathini na watatu walikuwa wakimtazama. Kibao chake cha kwanza cha majaribio kilitoka chekundu cha kung'aa, kama maji ya tunda la rasiberi yakipigwa na jua. Bw. Hingley alikikataa papo hapo.

"Dada, hii ni nyekundu ya gari la zimamoto," alisema. "Mfano nimekuletea. Fuata mfano."

Na mfano ulikuwa mweusi-mwekundu, mzito, rangi ya ini la ng'ombe. Bi. Tranter aliufuata kwa wiki tatu. Alichanganya nyekundu na hudhurungi, akazidisha muda wa tanuri kwa makusudi, akatupa vibao kumi na sita. Cha kumi na saba kilikuwa pacha wa mfano. Barua ya shukrani iliyofuata ndiyo hiyo ya kwenye fremu; benchi lake mwenyewe alipewa mwezi huohuo; na rangi namba 17 ikaingia katika kadi zetu kwa jina la Nyekundu ya Kinver. Bw. Hingley alipoandika kitabu cha chama, kilichokuja kuwa sheria kwa wakaguzi wao wote, rangi sahihi ya nembo aliieleza kwa kutumia namba yetu.

Mambo yalikaa hivyo kwa miaka arobaini na mitano.

Jumatano tarehe 20 Machi mwaka huu alifika mapokezi Bw. Clement Orgill wa Dudley, fundi mstaafu wa mabasi, mwenye umri wa miaka themanini na moja. Alitoa mfukoni kitambaa cha flaneli kilichopakwa grisi, akakifungua juu ya kaunta.

"Nimeambiwa niwaone nyinyi," alisema. "Eti hii yangu ni feki, na za kweli mnazo nyinyi."

Ilikuwa nembo ya Kinver, nyekundu kama siku ilipotoka tanurini. Baba yake, Reuben Orgill, alilinunua gari la Kinver mwaka 1946 kwa mmiliki wake wa kwanza. Kwa kuchelea mawe, aliivua nembo siku ya pili na kuiweka kwenye droo ya soksi. Ilirudi juu ya rejeta siku za harusi tu. Gari liliingia bandani mwaka 1958. Mwanawe alitumia miaka tisa ya kustaafu kwake kulifufua, boliti kwa boliti, na mwezi Februari akalipeleka kukaguliwa ili lipate cheti cha chama. Mkaguzi alisifu kila kitu mpaka alipofika juu ya rejeta. Nembo, alisema, inang'aa kama ya gari la mtoto. Bila shaka mzee aliinunua kwenye meza ya sokoni. Cheti kingetolewa iwapo nembo sahihi ingewekwa kabla ya ukaguzi wa marudio, Jumamosi tarehe 4 Mei.

"Baba yangu hakuwahi kununua kitu feki, hata soksi," Bw. Orgill aliwaambia wa mapokezi. "Lakini mimi nimechoka kubishana, jamani. Mnitengenezee hiyo ya kwao, nipate karatasi yangu, yaishe."

Kadi ya kazi iliandikwa: nembo moja, Kinver, rangi namba 17, mkunjo ufuate rejeta. Nembo yake iliambatanishwa kwa ajili ya vipimo. Kwa kuwa kazi zote za Kinver zimekuwa za Bi. Tranter, na kwa kuwa hii ingekuwa ya mwisho, ilipelekwa kwake pamoja na kipande cha keki.

Kilichofuata kimesimuliwa na Bw. Bayliss, ambaye mashine yake iko hatua sita kutoka benchi lile. Bi. Tranter aliigeuza nembo kama kawaida yake. Aliitazama mgongo kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza usoni, akanyoosha mkono akazima redio.

"Vipi Enid, umeona mzimu?" Bw. Bayliss akamuuliza.

"Nimeona nyekundu, bab."

Alikwenda kwenye kabati lake, akarudi na kopo la biskuti ambalo wengi tulidhani ni la biskuti. Ndani yake mlikuwa na vibao vya majaribio vya miaka hamsini kasoro, kila kimoja kimefungwa karatasi. Alitoa kibao cha kwanza cha mwaka 1979, kile kilichokataliwa, akakiweka kando ya nembo ya Bw. Orgill chini ya taa. Akamwambia Bw. Bayliss afumbe macho, akavibadilisha nafasi, akafunika katikati ya vyote viwili kwa vidole ili korongo asionekane, kisha akamtaka aonyeshe nyekundu ipi ni ipi. Bw. Bayliss alikosea mara mbili.

Hapo ndipo alipoeleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu. Wiki ile ya mwaka 1979, baada ya kibao cha kwanza kukataliwa, aliigeuza nembo ya Bw. Hingley ili aone imetengenezwaje. Fedha iliyolehemu pini zake za nyuma ilikuwa imeyeyuka na kutiririka kama nta ya mshumaa, na shaba ilikuwa na magamba. Fedha hiyo haiyeyuki barabarani. Gari lililokuwa na nembo hiyo lilikuwa limeungua, ndiyo maana likaishia kwa muuza vyuma chakavu, na kila mtiaji enameli anajua kwamba motoni nyekundu ndiyo hufa kwanza, na ikifa hugeuka ini. Mfano uliokuwa mezani ulikuwa maiti ya rangi. Kibao cha kwanza, alichokitengeneza kwa kukisia tu, ndicho kilichokuwa hai.

Alijua. Lakini kumwambia Bw. Lench kungeirudisha oda kwenye meza ya wakubwa, naye angerudi kuosha unga wa kioo. Akafuata mfano.

"Sikusema uongo," alimwambia Bw. Bayliss. "Nilinyamaza tu. Ila ukikaa nayo miaka arobaini na tano, huoni tena tofauti."

"Sasa hapa pana tabu gani?" akauliza Bw. Bayliss. "Mzee mwenyewe kaomba ya ini. Mpe ini lake aende zake."

"Nikimpa, hii ya baba yake inarudi kwenye droo ya soksi. Naye akifa, atakuja mtu aitupe, maana kitabu kimesema feki. Ndiyo ya mwisho, Kelvin. Hakuna nyingine duniani."

Ni haki kueleza kwamba uongozi haukulipokea jambo hili kwa shangwe. Mkurugenzi wetu, Bw. Pugh, alimwita ofisini Alhamisi ya tarehe 28 Machi na kumkumbusha kwamba barua ya kwenye fremu hutajwa katika vijitabu vyetu vya matangazo, kwamba sifa ya karakana katika magari ya zamani imejengwa juu ya kazi hiyo, na kwamba jina litakaloumia kwanza ni lake mwenyewe, katika mwaka wa kuagwa kwake.

"Enid, umebakiza wiki kumi na tatu," alisema. "Huwezi kuziacha zipite?"

"Ndizo pekee nilizo nazo za kusema, bab."

Siku iliyofuata kadi ya kazi ilirudi ofisini bila saini ya kukamilika, jambo ambalo halijatokea mara nyingine yoyote katika utumishi wake. Juu yake, kwa kalamu ya risasi, aliandika maneno mawili: *Anayo tayari.*

Bw. Orgill alipigiwa simu. Inasemekana aliuliza kama huyo mama ana uhakika, maana yeye hana miaka tisa mingine ya kuanza upya. Aliambiwa kwamba mama ana uhakika na atakuja mwenyewe.

Jumamosi tarehe 4 Mei Bw. Bayliss alimpeleka kwa gari lake hadi ukumbi wa kanisa huko Halesowen, kopo la biskuti likiwa mapajani. Nje yalisimama magari ya Kinver kumi na tisa kwa mstari, kumi na nane yakiwa na nembo za ini. Bi. Tranter alizipitia moja moja. Bw. Bayliss anaripoti kwamba alisema, "Nzuri kweli, lakini..." kisha akaingia ndani.

Bw. Hingley, sasa mwenye miaka sabini na moja na msajili wa chama kwa miaka thelathini, alimpokea kwa heshima, akamtambulisha kwa wanachama kama mikono iliyoiokoa Kinver. Walimpigia makofi. Alingoja yaishe. Kisha, akiwa amesimama, alieleza mambo yote kwa dakika zisizozidi nne, bila kujitetea mahali popote.

"Bi. Tranter," Bw. Hingley alisema, "unaniambia kitabu changu kimekosea?"

"Kitabu chako kinafanana kabisa na nembo uliyoniletea. Nembo ndiyo iliyoungua."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatano ya wiki ya kwanza. Kabla ya chai."

Sauti ya mama mmoja ikasikika kutoka nyuma: "Kwa hiyo mimi miaka thelathini nasugua ini kila Jumapili?" Ukumbi ulicheka. Bw. Hingley hakucheka. Alitoka nje, na kwa dakika kadhaa haikujulikana kama angerudi. Alirudi na kisanduku cha mahameli ambamo nembo ya Oldbury imekaa tangu 1979, imebanwa kwa nyuzi za shaba, uso juu, ikitolewa katika kila mkutano mkuu ili watu waiangalie.

"Igeuze," alisema Bi. Tranter.

"Haijawahi kutolewa humu."

"Najua, bab. Wewe igeuze tu."

Ilimchukua muda kuzifungua nyuzi. Aliigeuza, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Fedha ilikuwa imetiririka kama ilivyoelezwa. Aliweka kando yake nembo ya Bw. Orgill, mgongo juu: pini safi, kingo kali, bila gamba hata moja. Kisha Bi. Tranter akaweka kati yao kibao cha kwanza.

"Hiki nakikumbuka," Bw. Hingley alisema. "Nilikiita cha zimamoto."

"Ulikiita hivyo."

"Ulipaswa kubisha."

"Nilipaswa. Samahani, Gerald. Kwako na kwa huyu mzee hapa."

Bw. Orgill alisimama. "Mimi sitaki samahani ya mtu," alisema. "Nataka iandikwe kwamba Reuben Orgill hakununua feki. Iandikwe, na jina lake."

Iliandikwa. Cheti kilitiwa saini na msajili mwenyewe mchana uleule, juu ya boneti ya gari lenyewe, na katika nafasi ya maelezo kuna sentensi inayomtaja Reuben Orgill kama mtunzaji wa nembo pekee inayojulikana yenye rangi ya kiwandani. Bw. Orgill ametutumia nakala. Aliifunga kwa flaneli.

Yaliyofuata yanahusu takwimu zaidi. Wenye Kinver hamsini na wanne waliulizwa kwa barua kama wangependa nembo mpya. Thelathini na wanane walikataa, mmoja wao akieleza kwamba gari lake na ini wameshazoeana. Toleo jipya la kitabu litazitambua rangi zote mbili, kila moja na historia yake. Katika kadi zetu, kwa ombi la Bi. Tranter, namba 17 haitwi tena Nyekundu ya Kinver, inasomeka "Nyekundu iliyoungua, E. Tranter, 1979". Aliomba pia barua ya kwenye fremu iondolewe ukutani. Bw. Pugh alikataa, na inafaa kusema hapa kwamba alikataa kwa maneno mazuri. Chini yake sasa pana kadi ndogo yenye maelezo, kwa mwandiko wake mwenyewe Bi. Tranter, na wageni wanaokuja kuagiza nembo huisoma kadi kwa muda mrefu kuliko barua. Oda za magari ya zamani zimeongezeka tangu Mei. Ofisi haidai kujua kwa nini.

Kati ya wale waliokubali nembo mpya, oda ya kwanza ilifika kwa posta, nembo moja, ikiwa na karatasi iliyoandikwa: "Kwa mfano wa kibao cha kwanza, nilichokikataa. G. Hingley."

Nyekundu ya kibao kile haitengenezwi tena. Kiwanda kilichosaga kioo chake kilifungwa zamani. Katika stoo ulibaki unga wa kutosha nembo moja na chembe chache za ziada. Zingine zitatumia nyekundu ya leo, ambayo ni nzuri na inakaribia. Alhamisi iliyopita, tarehe 20 Juni, Bi. Tranter aliuosha unga huo mara nane badala ya tano, akaujaza kwa unyoya wake, akaukausha, akaufungua mlango wa tanuri. Mashine zilizimwa bila amri ya mtu. Ikiungua, hakukuwa na nyingine. Bw. Bayliss alihesabu kwa sauti ya chini, na amekiri kwamba alipofika sitini alipoteza hesabu. Bi. Tranter hakuwa akihesabu. Alikuwa akitazama rangi ya mlango.

Aliitoa kwa koleo, akaiacha ipoe juu ya jiwe, na ilipoweza kushikika akaigeuza. Aliuchunguza mgongo wake pini kwa pini, akaridhika, akamkabidhi mfungaji mizigo.

"We Enid," Bw. Bayliss alisema, "mbele hujaangalia."

"Mbele napajua, bab."

Sisi tulioangalia tunathibitisha kwamba ni nyekundu.

Bi. Tranter anastaafu kwenda nyumbani kwake Quinton, anakoishi na dada yake, yule mwenye viatu. Ametangaza mipango mitatu: kupanda njegere za maua kwenye ua wa nyuma, kujifunza kuogelea, na kutoamka kabla ya saa mbili asubuhi. Bw. Orgill ameomba kumbeba kwenye Kinver kutoka lango letu hadi nyumbani Ijumaa jioni, na nembo itakuwa juu ya rejeta, kwa kuwa, alisema, hii nayo inahesabika kama harusi.

Tunamshukuru kwa mikono yake, kwa wanafunzi wake kumi na mmoja, kwa soseji iliyotutia adabu, na kwa wiki kumi na tatu za mwisho, ambazo angeweza kuziacha zipite.

Zawadi ya wafanyakazi imetengenezwa hapahapa, bila yeye kujua, na wanafunzi wake. Wanne kati yao walirudi kutoka kustaafu ili kushiriki. Ni ngao ya shaba ya ukubwa wa kiganja. Usoni kuna tanuri namba mbili, mlango wazi. Yaliyoandikwa upande wa pili hayachapishwi katika jarida hili, kwa sababu tunataka yeye awe wa kwanza kuyasoma, na tunajua ni upande gani ataanza nao.

Nenda salama, Enid, na uamke utakapotaka.